Fundi wa gari ana cheti, fundi wa watoto hana

Leo siandiki mambo ya vyama wala nani kamtukana nani jukwaani. Naandika habari za nasari. Msinicheke kwanza, someni mpaka chini.

Wiki iliyopita nilikuwa hapa saiba kama kawaida yangu. Wengi mnanijua: nikikosa kibarua cha kuandika, najazia watu fomu, shilingi hamsini kwa fomu. Akaingia mama mmoja na simu mkononi, ana picha ya tangazo la kazi aliyorushiwa kwa WhatsApp. Kaunti inatafuta walimu wa nasari. Kabla hajavuta kiti nikamtambua. Ni Ticha wangu. Si kwamba alinisomesha nikiwa mdogo, la. Ndiye aliyenifunza kazi.

Tukalisoma tangazo pamoja. Nambari ya TSC. Cheti au diploma ya ECDE. Matokeo ya KCSE. Akaniuliza polepole, "Sasa mwanangu, hapa pa uzoefu tuandike miaka mingapi?" Nikamwambia tuandike kumi na saba, maana yuko darasani tangu 2008. Tukaandika. Lakini fomu haiendi ukurasa wa pili mpaka ujaze nambari ya TSC, pana kinyota chekundu pale. Tukabonyeza mara tatu. Wapi!

Niwarudishe nyuma kidogo. Nilipomaliza Form Four hapa kwetu Likoni tulikuwa wawili tusio na pa kwenda, mimi na jirani yangu. Karo ya chuo kwao hakuna, kwetu hakuna. Yeye akaingia gereji ya jua kali kushika spana. Mimi nikasikia kuna nasari ya binafsi inataka msaidizi. Jina la shule naliweka mfukoni. Elfu nne kwa mwezi na uji wa saa nne. Nikaenda. Mtaani nilichekwa mpaka nikazoea, ati mwanamume mzima anapangusa watoto kamasi! Yule mwenye mafuta meusi mikononi ndiye aliyeonekana anajifunza kazi. Mimi nilionekana nimejishikiza tu nikingoja kazi ya maana.

Na kumbe nilikuwa najifunza. Darasa letu lilikuwa na watoto 43, Ticha na mimi. Mwezi wa kwanza nilidhani kazi ni kunyamazisha. Ticha akanionyesha kwamba mtoto wa miaka minne hanyamazishwi, anapewa la kufanya. Vifuniko vya soda vya kuhesabia, vifuu vya kupimia mchanga, maboksi ya sabuni, kamba ya mkonge. Palikuwa na mtoto mmoja anauma wenzake. Mimi nilitaka kumtenga. Ticha akaniambia angalia saa anayouma. Nikaangalia siku nne: kila mara ni kabla ya saa nne. Njaa! Tukawa tunampa uji wa kwanza, akaacha. Mwingine haitiki jina, nikamwona mkaidi. Ticha akazunguka upande wa pili akamwita kwa sauti ile ile, mtoto akageuka. Sikio moja lilikuwa halisikii vizuri. Hayo sikuyasoma popote, niliyaona kwa aliyeyajua.

Nami niliharibu, sitaficha. Siku moja wakati wa kwenda nyumbani nilihesabu kwa macho nikapata 43. Mzazi akaja kuchukua mtoto wake, mtoto hayupo. Tukamtafuta karibu nusu saa, mama wa watu analia langoni, mimi magoti hayanibebi. Tulimkuta amelala stoo nyuma ya mikeka iliyokunjwa. Ticha hakunigombeza mbele ya watu. Baadaye akaniambia, "Kuanzia leo hesabu kwa mkono. Gusa kila kichwa. Kisha hesabu mabegi. Hesabu mbili zikikataana, hatoki mtu." Mpaka leo nikipanda feri na wadogo zangu nahesabu kwa mkono.

Sasa tazameni tofauti. Yule jirani yangu baada ya miaka miwili na kitu alikwenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, Grade Three. Pale hawakuulizi ulipata gredi gani KCSE. Wanakuuliza unaweza kuifungua hii na kuirudisha? Ukiweza, unapata karatasi ya serikali. Sasa anaitazamia Grade Two. Nampongeza, haki yake. Lakini aliyenifunza mimi ana miaka kumi na saba, na hakuna pa kwenda kusema nipimeni.

Na hapa Pwani kuna jambo lingine la kuchekesha, ukiwa na moyo wa kucheka. Dada zetu wanaokwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani hupitia kozi ya homecare kabla ya kusafiri, na NITA ndiyo inayosimamia mambo ya kuwapima. Ndani ya kozi hiyo kuna kulea watoto. Yaani msichana wa Likoni anaweza kupata karatasi ndani ya wiki chache ya kulea mtoto wa Riyadh, lakini akiwa msaidizi wa nasari Likoni miaka yote hiyo, hana hata kipande cha kuonyesha.

Nikakaa hapa saiba saa mbili nzima nikisaka wenzetu wanafanyaje. Uingereza mtu akitaka kazi ya nasari anaweza kuandikwa kama mwanagenzi. Ana mkataba, analipwa, na masomo yake yamo ndani ya saa za kazi. Akimaliza anatoka na cheti cha Level 2 au Level 3. Sisemi Uingereza ni peponi, mshahara wa mwanagenzi kule nao ni mdogo. Lakini kazi anayoifanya leo inahesabiwa kesho.

Tena tusidhani ni mambo ya Wazungu. Kenya ilikuwa nayo! NACECE ilianzishwa 1984, na mwaka uliofuata zikaja DICECE, vituo vya wilaya. Mwalimu wa nasari alibaki darasani kwake muhula mzima, halafu likizo za Aprili, Agosti na Desemba anakwenda kusoma. Miaka miwili hivyo. Katikati mkufunzi anamfuata shuleni kumtazama akifundisha. Huo ni uanagenzi, hata kama hakuna aliyeuita jina hilo. Na hapa hapa Mombasa, miaka hiyo ya themanini, Bi Swafiya Said kwa kushirikiana na Aga Khan Foundation alianzisha mpango wa nasari za madrasa. Wasichana walitoka mitaani humu humu, wakafunzwa wakiwa kazini, wakufunzi wakawafuata darasani. Mpango ukavuka hadi Zanzibar 1990, kisha Uganda 1993. Ukiwa umesoma nasari Pwani huenda uliyajua maumbo na rangi kwa mkono wa mmoja wao.

Ticha naye aliwahi kuingia njia ile ya likizo. Vipindi vilikuwa sita, akafanya viwili. Mwaka huo mumewe akaugua, pesa ikaenda hospitali. Aliporudi kuuliza chuoni akaambiwa cheti hakichukui wanafunzi wapya, sasa ni diploma. Hiyo diploma mpya ilipoanza 2021 ilitaka C ya kawaida KCSE. Yeye ana D+. Gredi aliyopata akiwa msichana wa miaka kumi na nane ndiyo inayomfuata akiwa na wajukuu.

Mimi nina C. Kwa hiyo mimi niliyempoteza mtoto nusu saa ninaruhusiwa kuomba, na aliyenifunza kuhesabu haruhusiwi. Nimelifikiria hili wiki nzima.

Nani alaumiwe? Wengi mtasema kaunti, na mimi nilianza hapo hapo. Lakini hebu tulitazame vizuri. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Sera na viwango vya elimu vimebaki serikali kuu. TSC inasajili mwalimu wa nasari lakini haimwajiri, anayeajiri ni kaunti. Kaunti inaajiri lakini haitungi masharti ya cheti. Kila mmoja ana kipande chake, na ukimuuliza yeyote kuhusu msaidizi aliyejifunza kazini anakuonyesha mlango wa mwenzake. Serikali za kaunti zilipoingia 2013 zilijenga madarasa, tumeyaona, mengine yana rangi nzuri na jina la gavana. Darasa linapigwa picha siku ya kufunguliwa. Msaidizi kufunzwa hakupigwi picha.

Halafu kuna sisi wenyewe. Mwenye nasari ya binafsi anafaidika na hali hii, tuseme ukweli. Msaidizi asiye na karatasi hawezi kudai nyongeza wala hawezi kuhama. Akidai anaambiwa, wewe umesomea wapi? Mzazi naye anataka karo iwe chini, na simlaumu. Mama anayeuza viazi vya karai pale feri atatoa wapi elfu kumi kwa muhula? Ndiyo maana gharama yote inamwangukia yule wa mwisho, anayelipwa elfu nne na uji.

Najua kuna atakayeniandikia hapa chini: kwa hiyo unataka kila mtu aingie darasani bila kusoma? Hapana ndugu yangu. Nimewaambia kisa cha stoo ili mjue naogopa vilevile. Wapo wasaidizi wanaowapiga watoto kwa rula, nimewaona kwa macho yangu. Wapo wanaowalaza mchana kutwa ili wachezee simu. Mtoto si gari, ukikosea hakuna kwenda kununua spea. Tangu 2019 PP1 na PP2 zimo kwenye mtaala mpya rasmi, na mtaala huo unahitaji mtu anayeuelewa. Karatasi ina maana yake, sipingi. Ninachouliza ni kwa nini njia ya kuipata iwe moja tu, inayoanzia kwenye gredi ya Form Four na karo ya chuo, wakati wanaoifanya kazi wako tayari ndani ya madarasa.

Kama ningekuwa MCA (msinipigie kura, nasema tu) ningeanza na daftari. Kama la NITA. Kila msaidizi awe na kitabu chake, na mwalimu mwenye cheti aweke sahihi: huyu anaweza kupokea mtoto anayelia, anajua kutengeneza vifaa vya kuhesabia, anajua la kufanya mtoto akikabwa na chakula. Kisha afisa wa kaunti aje bila kupiga simu, akae nyuma ya darasa asubuhi nzima atazame. Anayeshindwa ashindwe. Anayefaulu apewe cheti cha msaidizi, na likizo tatu zile zirudi ili anayetaka kuendelea mpaka ualimu aendelee bila kuacha kazi. KNQA nayo ina mpango wa kutambua ujuzi wa watu waliojifunza kazini. Kila ninapousikia unatajiwa fundi bomba na msusi. Mtu wa nasari naye aingizwe foleni hiyo.

Pesa zitatoka wapi? Swali zuri. Lakini hili halihitaji jengo wala mnara. Wakufunzi wapo, shule zenyewe wakati wa likizo ziko tupu, na daftari linachapishwa hata hapa saiba.

Na wale wadogo zaidi wasiofika PP1, wanaoachwa kwa mama wa jirani saa kumi na mbili asubuhi, kumi na watano chumba kimoja, sijawagusa. Hao wameandikwa kwenye Katiba kwa maneno mawili matatu, na wanaowalea hawajaandikwa popote. Nitawarudia siku nyingine nikipata pesa ya saiba.

Wadau mlioko Kilifi, Kwale, Kisumu, popote: je, kaunti yenu inahesabu miaka ya msaidizi asiye na cheti? Kama mnajua mtu aliyepita kwa njia hiyo, andikeni hapa chini alipitaje na ofisi gani. Msiandike matusi, andikeni ofisi.

Tangazo linafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ticha hakukubali kwamba ni ile nambari, alisema labda mtandao ulikuwa mbovu. Atarudi Alhamisi akitoka kazini tujaribu tena.