Kumwona Jirani Akiabudu Si Dhambi

Wahenga walinena kuwa tembea uone, nami nimetembea na nimeona. Lakini niliporudi shuleni kutoka India, baadhi ya wenzangu walinipokea kwa mzaha: "Ati ulienda kuchezea masanamu?" Wengi walicheka. Rafiki yangu mmoja wa chama cha Wakristo hakucheka. Aliniambia kwa uchungu kwamba nilivunja amri ya kwanza na yafaa nitubu. Siku hiyo nilikosa jibu. Jibu langu ni hili.

Kwanza msomaji aelewe kuwa sikwenda kutalii. Ndugu yangu mdogo alizaliwa na tundu moyoni. Baada ya harambee tatu, mwaka wa 2024 alipelekwa kufanyiwa upasuaji katika mji wa Ahmedabad, jimbo la Gujarat. Mama alimpeleka, nami nikafuatana nao kwa sababu mama hasikii Kiingereza vizuri. Tulikodi chumba kwa bikizee mmoja ambaye majirani wote walimwita Ba, jina la heshima kwa akina mama wazee wa huko. Aliposikia tumetoka Kisumu, alipiga makofi. "Mimi zaliwa Kisumu! Baba yangu ilikuwa na duka hapo." Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini katika nchi ya watu kilitutoa upweke.

Jumapili, tarehe 7 Julai, ilikuwa Rath Yatra, yaani safari ya magari ya miungu. Sherehe hii ni maarufu zaidi huko Puri, mashariki mwa India, lakini Ahmedabad nao wanayo tangu mwaka wa 1878. Jagannath, ambaye jina lake maana yake ni Bwana wa Ulimwengu, hutolewa hekaluni katika mtaa wa Jamalpur pamoja na kaka yake Balram na dada yao Subhadra. Kila mmoja huwa na gari lake la mbao, nao huzungushwa mjini mchana kutwa.

Ba alitualika twende naye mtaa wa Saraspur kwa jamaa zake. Mama alikataa katakata. "Tumekuja kumwomba Mungu amponye mtoto. Siwezi kwenda kwa miungu ya watu." Ba hakukasirika. "Sawa, mama. Mimi huko Kisumu iliingia kanisani, harusi ya jirani. Mungu hapana fukuza mimi." Mama akanyamaza. Alipokuwa akiondoka kwenda kumwangalia mtoto hospitalini, aliniambia, "Nenda ukaone. Lakini usiiname."

Asubuhi tuliona katika televisheni ya Ba jinsi mkuu wa serikali ya jimbo anavyofagia njia ya magari hayo kwa ufagio wa dhahabu. Ndiyo desturi yao: mkubwa huwa mfagizi siku hiyo. Sijui kwetu ni wangapi wangekubali, hata ufagio uwe wa dhahabu.

Tulipofika Saraspur nilipigwa na butwaa. Polisi walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara. Si mnajua kwetu neno maandamano lina harufu gani? Tena ilikuwa haijatimia wiki mbili tangu vijana wenzetu wauawe katika maandamano ya tarehe 25 Juni. Nilimshika Ba mkono. Kumbe kilichokuja ni ndovu waliopakwa rangi, mmoja baada ya mwingine! Wakafuata vijana wa sarakasi, kisha malori yaliyopambwa. Watu waliokuwa juu ya malori walitugawia ndengu zilizochipuka na zambarau, zile ambazo sisi Kisumu tunaziita jamna. Nilikula hadi ulimi ukageuka zambarau, kama ninavyofanya nyumbani.

Mtaa wa Saraspur huhesabiwa kuwa ni ujombani kwa Jagannath. Kwa hiyo msafara hupumzika hapo, wenyeji humpa zawadi kama wajomba wafanyavyo, na kila aliyeandamana naye hulishwa. Katika vichochoro niliona masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani. Tulipewa puri, mchuzi wa viazi na bundi tamu. Hakuna aliyeniuliza dini wala kabila. Mgeni wa mjomba ni mgeni wa wote.

Kisha yakaja magari yenyewe. Hayavutwi na injini. Yanavutwa kwa kamba na wanaume wa jamii ya Khalasi, ambao asili yao ni mabaharia. Umati wote uliinua mikono. Mimi sikuiname, kama nilivyoagizwa. Lakini kando yangu alisimama mwanamke aliyembeba mtoto mnyonge, machozi yakimtiririka, midomo ikitembea bila sauti. Nilimkumbuka mama yangu, ambaye saa hiyo alikuwa ameketi kando ya kitanda akifanya vivyo hivyo. Sikujua lugha yake, lakini alichokuwa akiomba nilikijua neno kwa neno. Je, ningemcheka?

Sisemi kuwa huko ni peponi. Msafara huu hupitia mitaa ya Waislamu pia, na umewahi kuleta damu. Jioni Ba alinisimulia habari za Vasantrao Hegishte, Mhindu, na Rajab Ali Lakhani, Mwislamu. Walikuwa marafiki. Tarehe 1 Julai 1946, fujo zilipozuka siku ya Rath Yatra, walitoka pamoja kwenda kuwazuia wenye silaha, na wote wawili wakauawa. Hakuna aliyeiacha dini yake. Kila mmoja alikufa na yake, lakini walikufa bega kwa bega.

Sasa turudi Kisumu. Reli iliyojengwa na vibarua wengi kutoka India ilifika hapa mwaka wa 1901. Mwaka wa 2017 serikali ilitangaza kuwa Wakenya wenye asili ya Kiasia ni kabila la 44. Kila siku tukitoka shule tunapita mbele ya hekalu, tunasikia kengele, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema ndani kuna nini. Badala yake tunatunga uongo, ati wanafuga majoka!

Wengine watasema, "Lakini Wahindi wenyewe hutudharau." Ni kweli wapo. Baba yangu amewahi kuitwa "boi" dukani ilhali ana mvi. Lakini nasi je? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maduka mengi ya mji huu yaliporwa na kuchomwa, ya Wahindi yakiwemo. Ni rahisi sana kumchomea mtu ambaye hujawahi kula kwake. Kutojuana ndiko kiberiti.

Kwa hivyo, rafiki yangu, hili ndilo jibu. Sikuiname, na imani yangu ningali nayo. Amri ya kwanza hunikataza kuabudu mwingine. Hainikatazi kumtazama jirani yangu akiomba, wala kula ndengu zake. Imani inayovunjika kwa kuona tu ilikuwa na ufa tangu zamani.

Ningependa kumwomba mwalimu mlezi wa chama chetu awaandikie wazee wa hekalu lile, tuombe ruhusa ya kulitembelea muhula ujao. Tuwaalike nao katika siku yetu ya mashairi. Asiyetaka kuingia asilazimishwe, abaki langoni. Ndugu yangu mdogo amepona, anacheza kandanda, na amesema atakuja hata kama hajaalikwa. Mama naye, nilipomuuliza, aliniambia yaleyale: "Nendeni mkaone. Lakini msiiname."

Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, lakini sharti kwanza umjue huyo jirani.