Kisra ya Arua na Kisra ya Koboko

Katika bweni letu hapana usiku upitao bila ya ubishi juu ya chakula, na ubishi mkubwa kupita wote ni huu: kisra iliyo bora hupikwa Arua au Koboko? Mimi ni mtu wa Arua, nimezaliwa na kulelewa hapa, na baadhi ya jamaa zangu watachukizwa na haya nitakayosema. Kisra ya Koboko huishinda ya kwetu.

Kwa ajili ya wasomaji waliotoka mbali, yafaa nieleze kwanza jinsi ipikwavyo. Unga wa mtama hukorogwa kwa maji, ukatiwa chachu ya rojo la jana, ukaachwa usiku kucha uchachuke. Asubuhi bamba la chuma, ambalo Wanubi huliita doka, hutiwa moto na kupakwa mafuta kidogo. Rojo humiminwa, na mpishi hulitandaza upesi kwa kipande cha ukindu mpaka liwe jembamba kama karatasi. Haigeuzwi. Kabla hujahesabu mpaka sitini imekwisha iva, nayo hubanduliwa kwa vidole vitupu. Vidole hivyo si vyangu wala si vyako!

Likizo iliyopita nilikula kwa mama watatu wauzao mjini Arua, na kwa wawili wa Koboko. Kila mara niliichana kisra na kuionja kavu, maana mchuzi mzuri wa bamia huficha makosa mengi. Kisra zote tatu za Arua zilikuwa nyeupe na laini, lakini hazikuwa na uchachu. Nilipouliza niliambiwa wazi: unga wa ngano ulitiwa mwingi, na rojo halikulala. Ngano kidogo si kosa, kwani mtama hauna mnato, na kisra ya mtama mtupu hukatika mikononi mwa asiye fundi. Ngano ikizidi, basi unakula chapati nyembamba. Huko Koboko, mama wa kwanza aliniunguzia kingo, sina la kumsifu. Wa pili alinipa kisra ya rangi ya udongo, yenye vitundu vidogo vidogo na uchachu uliokaa ulimini hata nilipokuwa nimekwisha panda gari. Kwa ajili ya ile moja ningesafiri tena kilometa hamsini na zaidi.

Mbona iwe hivyo? Nadhani sababu ni sisi walaji, si wapishi. Koboko iko karibu sana na mpaka wa Sudan Kusini, na wengi wanunuao huko wamekula kisra tangu utoto. Wakipewa mbaya husema. Sisi wa Arua, ambayo ni jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, tunakula tukiwa tumesimama, huku tunatazama saa. Tena wako wenzetu wanaoiita chakula cha wazee, wasitake kuonekana nayo. Wangekumbuka kwamba wilaya hii ilikuwa chini ya serikali ya Sudan toka mwaka 1910 hata 1914, ndipo ikaingia Uganda. Mpaka ulisogezwa, watu na vyakula vyao walibaki.

Katika mji wa Lisbon, huko Ureno, kuna duka la Belém liuzalo vikate vya maziwa na mayai tangu mwaka 1837, kwa maarifa yaliyotoka katika nyumba ya watawa iliyo jirani. Maarifa hayo ni siri ya watu wachache. Maduka mengine mengi ya mji hutengeneza vikate vya namna hiyo, na watu hubishana kwa ukali ni lipi limeshinda. Mwokaji akizembea mlaji atavuka barabara kwenda kwa mwingine. Hapa kwetu mama akizembea hapana ajuaye, na akikesha na rojo lake hapana ajuaye vile vile.

Hapo ndipo penye uzito. Tunataka uchachu wa usiku mzima, lakini tunalipa bei ya rojo lililokorogwa alfajiri. Yule mama wa Koboko huuza kwa bei ile ile ya jirani yake aliyeunguza kingo. Kuni zake ni zile zile, usingizi wake ni mchache zaidi. Je, binti yake akiona hivyo, atataka kujifunza kazi hiyo? Mimi nisingetaka.

Kwa hiyo naomba wakubwa wa shule, na hasa ninyi wanafunzi wa zamani mnaotuletea zawadi siku ya wazazi, mwaka huu mwalike wapishi wa miji yote miwili. Kisra zao zionjwe kavu, pasipo majina, na aliye bora apewe oda ya sherehe nzima kwa bei atakayoitaja mwenyewe. Jamaa zangu wa Arua wanayo nafasi ya kunifedhehesha. Mchuzi waulete baadaye.