MTOTO ASOME NA JIRANI YAKE

Kila Januari inapokaribia, wazazi wa Dar es Salaam huulizana swali moja: mtoto nimpeleke shule gani? Katika mtaa mmoja wa Kariakoo au Ilala huishi Mzaramo, Mchaga, Mhindi na Mwarabu, Mwislamu na Mkristo, mchuuzi na karani. Hujuana sokoni, huzikana misibani. Lakini asubuhi watoto wao hawafuati njia moja. Wengine huchukuliwa na mabasi ya shule za kulipia; wengine huenda kwa miguu shule ya Serikali.

Ndugu wananchi, yafaa tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni mji huu ulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na shule nazo ziligawanywa vivyo hivyo: Wazungu zao, Wahindi zao, Waafrika zao. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kupata shule mara nyingi aliishia darasa la nne. Ubaguzi huo uliondolewa kwa sheria, na tangu Januari 1962 milango ikafunguliwa bila kutazama rangi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka mikononi mwa Serikali shule za madhehebu zilizokuwa zikipata msaada wake, ili dini isiwe kizuizi. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi za Serikali ikaondolewa.

Kazi yote hiyo haikufanywa ili leo watoto watengwe tena kwa fedha.

Hatumlaumu mzazi mwenye wasiwasi. Madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, madawati hayatoshi, na kila mtu ajua kwamba sekondari masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Hofu yake ni ya haki. Lakini mzazi mwenye sauti akimhamisha mwanawe, nani atabaki kumwuliza mwalimu mkuu habari za choo kilichobomoka? Shule hudhoofika kwa kuhamwa. Kadhalika, mtoto afundishwaye kwa lugha asiyoisikia nyumbani aweza kukariri miaka mingi pasipo kufahamu. Kiingereza na kifundishwe barabara kama somo, na walimu wake waongezwe. Hilo ni dai letu kwa Serikali, wala hatutachoka kulitoa.

Basi twasema hivi. Kabla hujalipa ada, itembelee shule iliyo karibu nawe. Usitazame rangi ya ukuta. Tazama madaftari kama yamesahihishwa. Uliza darasa la kwanza lina walimu wangapi na watoto wangapi. Ukiona kasoro, hudhuria mkutano wa wazazi na uingie katika Kamati ya Shule, wewe pamoja na jirani yako, awe wa kabila gani au dini gani. Na kiongozi asimamaye jukwaani kuzisifu shule za umma, hali wanawe wako mbali nazo, ajue kwamba wananchi wana macho.

Umoja wa taifa hauletwi na hotuba tupu. Mtoto aliyekaa dawati moja na mtoto wa jirani, wakaazimana kalamu na kugawana muhogo wakati wa mapumziko, hatadanganyika akiwa mtu mzima atakapoambiwa kwamba yule ni adui yake. Mafunzo hayo hayapatikani ukubwani. Samaki mkunje angali mbichi.