Ng'ombe wa usiku na shamba la Nyamwage: Tunajifunza nini katika hukumu ya Nabii Suleiman (A.S)?



Safari ya kwenda Kilwa ilitusimamisha Nyamwage, pale njia ya Utete inapoiacha barabara kuu ya kusini, ili tuswali Adhuhuri. Tulipotoka msikitini tulimkuta bibi mmoja ameketi chini ya mkorosho, na kando yake mafungu ya ufuta ambao haujakomaa. Tulidhani ameuvuna mapema. Kumbe alikuwa ameokota kilichosazwa. Usiku wa kuamkia siku ile kundi la ng'ombe lilipita shambani mwake, na alfajiri alikuta nyayo tu.

"Mwanangu," alisema, "nguruwe nikimsikia nampigia debe, anakimbia. Kiboko akipita anarudi zake mtoni. Huyu ana mwenyewe, na huyo mwenyewe simwoni."

Maneno hayo hayakunitoka kichwani hadi Somanga. Nimeyaleta katika ukurasa huu wa familia kwa sababu ufuta ule ulikuwa ada ya shule ya wajukuu, ulikuwa sabuni na mafuta ya taa, na ulikuwa heshima ya mama mtu mzima asiyependa kuomba.

Ng'ombe walitoka wapi?

Wazee wa Rufiji hawakulelewa na ng'ombe. Mbung'o walilitawala bonde na misitu yake, na mifugo mingi haikuweza kuishi humo. Mrufiji aliishi kwa mpunga wa mafuriko, kwa mlau unaopandwa maji yakipungua, kwa samaki, korosho na mihogo. Msimu wa kilimo familia ilihamia shambani na kulala katika dungu, kibanda kirefu cha miti, ili kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama wa mwituni. Ulinzi ule ulikuwa wa kumfukuza mnyama asiye na mwenyewe.

Hali ilibadilika kwa kasi mwaka 2006 na 2007. Mto Ruaha Mkuu, ambao maji yake huishia katika Rufiji, ulikuwa umeanza kukatika kiangazi tangu mwaka 1993. Serikali ikaamua kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na oevu la Ihefu, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Wasukuma, Wabarbaig na Wamasai wakashuka na makundi yao hadi maeneo ambayo hayakuwa na josho, wala lambo, wala njia ya mifugo. Wengine waliwafuata jamaa zao katika miaka iliyofuata.

Tusimlaumu mfugaji peke yake, basi. Naye alifukuzwa alikokuwa, akafika ugenini na watoto wake. Wala tusisahau kwamba ziko sehemu ambako makundi yaliingia kijijini kwa ridhaa ya wachache waliopokea chochote, na wanakijiji wengine wakaja kuambiwa baadaye. Matokeo tuliyaona. Mwaka 2012 ghasia za wakulima na wafugaji ziliitikisa Ikwiriri. Kabla ya hapo, Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa. Ugomvi ulioanzia kwenye majani uliishia makaburini.

Kwato zinaifanya nini ardhi?

Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 huhitaji takriban kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kundi la ng'ombe 100 basi huhitaji kilo 600 kila siku, na kwa mwezi mmoja tani 18. Ardhi inaweza kuvitoa vyote hivyo ikiwa itapewa nafasi ya kupumua. Nyasi za kudumu huweka akiba yake mizizini. Zikiliwa mara moja na kuachwa, huchipua kwa akiba hiyo. Zikiliwa tena kabla hazijajijenga, mizizi hupungua, na msimu wa tatu au wa nne nyasi ile hufa. Mahali pake huja majani ya msimu mmoja na vichaka ambavyo ng'ombe havigusi.

Kisha kuna uzito wa kwato. Udongo uliokanyagwa kila siku hushikamana kama sakafu, na mvua ikinyesha maji hayazami, hukimbia. Njia nyembamba ya ng'ombe kuelekea mtoni huwa mfereji, na mfereji huwa korongo. Mwenye shamba hujikuta analima juu ya jiwe, na mwenye ng'ombe hujikuta anachunga juu ya vumbi. Wote wawili wamepoteza.

Insafu inatutaka tuseme pia kwamba mkulima ana sehemu yake. Tumekata misitu ili tupande ufuta, tumechoma mkaa, tumewasha moto kiangazi ukatushinda. Ardhi inadhoofika kwa mikono mingi, na ng'ombe ni mkono mmojawapo.

Hukumu mbili katika kesi moja

Katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 78 na ya 79, Mwenyezi Mungu (S.W) ametaja kesi inayofanana mno na ya bibi yetu. Mifugo ya watu iliingia usiku katika shamba la watu wengine, na kesi ikaletwa mbele ya Nabii Daud (A.S). Wafasiri wameeleza kwamba Nabii Daud alihukumu mwenye shamba apewe mifugo ile iwe fidia ya hasara yake. Mwanawe, Nabii Suleiman (A.S), akaona njia nyingine. Mwenye shamba akabidhiwe mifugo kwa muda, anufaike na maziwa, sufu na watoto wake. Mwenye mifugo naye akabidhiwe shamba, alilime na kulihudumia mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Hapo kila mmoja amrudishie mwenziwe mali yake. Na Qur'an imewasifu wote wawili, baba na mwana, kwa hekima na elimu.

Tuitazame vizuri hukumu hii ya pili. Fidia ya fedha humlipa mtu na kuiacha ardhi na jeraha lake. Hukumu ya Nabii Suleiman ilimlipa mtu, ikaiponya ardhi, na haikumfilisi mfugaji. Tena ilimtaka aliyeharibu ashike jembe kwa mkono wake, ajue uzito wa alichokiharibu.

Mtume wetu (S.A.W) naye alihukumu katika kesi ya ngamia wa Al-Baraa bin Azib aliyeingia bustani ya watu na kuiharibu. Alikata kwamba mchana wenye mashamba wayalinde mashamba yao, na usiku wenye mifugo waizuie mifugo yao, na kinachoharibiwa usiku kiko juu ya mwenye mnyama. Bibi wa Nyamwage hakuijua hadithi hii, lakini lalamiko lake limesimama juu yake. Mchana alilinda. Usiku haukuwa zamu yake.

Hima na ngitili

Wako wanaosema kwamba majani ni ya Mungu, hivyo yasizuiwe. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa watu wanashirikiana katika maji, malisho na moto. Lakini yeye mwenyewe aliitenga ardhi ya An-Naqii kuwa hima, malisho yanayolindwa kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (R.A) naye alipoweka msimamizi wa hima alimwagiza amwingize mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mwangalifu na makundi ya matajiri, akiwataja Ibn Auf na Ibn Affan. Hao, alieleza, mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Fukara mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni. Malisho ya pamoja, basi, yana mlinzi, yana mipaka, na mnyonge ndiye wa kwanza. Jordan na Lebanon zimeanza kuzifufua hima hizo katika zama zetu.

Na hapa kwetu? Wasukuma walioko Rufiji leo wana desturi ya babu zao iitwayo ngitili. Ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yakue, kisha yafunguliwe kiangazi kikali. Shinyanga ilikuwa imekatwa miti hadi kuitwa jangwa, sehemu yake ikiwa ni misitu iliyofyekwa zama za ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti ilirudi, kuni zikapatikana karibu, na kazi ile ikapata tuzo ya kimataifa mwaka 2002.

Kondoa ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika maeneo yaliyomomonyoka sana, na uoto ukarudi. Lakini ng'ombe aliyeondolewa hapa hayeyuki. Atakula kwa jirani. Tuliyoyaona Ihefu ni ushahidi, na bibi wa Nyamwage ndiye aliyeupokea.

Tufanye nini?

Kwanza, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimekipa kijiji uwezo wa kutenga shamba, malisho, msitu na njia ya mifugo. Mpango huo ukipitishwa mbele ya watu wote, hakuna wa kuingiza kundi kwa mlango wa nyuma. Kina mama wahudhurie pia, kwani wao ndio walio shambani.

Pili, fidia ihusishe ardhi. Wazee wa msikiti na wazee wa wafugaji wanaweza kukaa pamoja, wakathamini hasara, na wakakubaliana mwenye mifugo alime tena shamba lile kwa ng'ombe wake wa jembe, atie samadi, na agharimie mbegu. Hilo ni sulhu, na lina asili katika dini yetu.

Tatu, tuchunge ndimi zetu mbele ya watoto. Mtoto akisikia kila jioni kwamba kabila fulani ni adui, tumempanda chuki ambayo hakuna mvua itakayoiondoa. Wengi wa wafugaji si wa dini yetu, na haki katika Uislamu haimuulizi mtu dini yake kabla ya kumfikia.

Tulipoagana, bibi alikuwa anaukung'uta ufuta wake, punje chache zikianguka juu ya mkeka. Alituombea safari njema, kisha akauliza kama tutarudi kwa njia ile ile. Tulimwambia inshaallah. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa subira yake, na atujaalie nasi kuwa miongoni mwa wanaotengeneza ardhi baada ya kuharibiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.