"Ng'ombe ni za mzee": kwa nini vijana wa Marsabit wanaondoka

Leo sitaongea juu ya mbolea wala dawa ya kupe.

Nikikutana na vijana huku Marsabit, huwa nawauliza: baada ya miaka kumi unajiona wapi? Majibu nishayazoea. Polisi, ualimu, kazi ya kaunti, bodaboda, Nairobi. Anayesema atakuwa mfugaji ni nadra, na wenzake humcheka.

Nyinyi mnaonisoma kutoka Meru na Nyeri, msidhani ni uvivu. Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Mtoto aliyekuwa darasa la sita, kazi yake ya jioni ikiwa kuhesabu ng'ombe wakiingia bomani, alifika kidato cha kwanza bila ng'ombe wa kuhesabu. Huyo utamwambia nini kuhusu utajiri wa mifugo?

Lakini huwa nina swali la pili: ungepewa ng'ombe kumi, wako kabisa, uuze siku unayotaka? Ai, hapo mazungumzo yanachangamka! Wanajua bei ya Merille, wanajua ya Nairobi, wanajua lori linabeba wangapi. Kisha mmoja anasema, "Lakini ng'ombe ni za mzee," na wote wananyamaza.

Mimi naona tatizo liko hapo. Kijana ndiye anayechunga, anayevuta maji kisimani, anayeshika ng'ombe akichanjwa. Siku ya kuuza haulizwi. Mzee anangoja, na mzee si mjinga: zamani kundi kubwa ndilo lilikuwa bima, kiangazi kikiua nusu unaanza upya na waliobaki. Siku hizi malisho yamebanwa, na tukingoja tunauza wote wiki moja, ng'ombe wakiwa mifupa. Mnunuzi anajua huna la kufanya.

Kwa hivyo wazee wangu mtaniwia radhi: mpeni kijana sehemu yake mapema, pamoja na haki ya kuuza. Semeni mbele ya mashahidi au andikeni. Na msisahau wasichana. Wengi wao wakiniambia ndoto yao hawataji ng'ombe, wanataja mbuzi wachache wa Galla na mahali pa kuuzia maziwa. Ni ombi dogo sana hilo.

Akishapewa, hesabu iko hivi. Dume la kilo 250 hula karibu kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Siku 90 ni kilo 540, yaani marobota 36 ya kilo 15. Nyasi hizo zinunuliwe mwezi wa sita, mvua ndefu ikiwa imeisha juzi tu na shehena bado ni nyingi, si mwezi wa tisa kila mtu akiwa analia. Ongeza maji, chumvi, dawa ya minyoo na nauli. Kama bei ya soko haifuniki hivyo vyote, usinunue hata robota moja; uza dume mapema akiwa bado na mwili. Kuuza mapema nako ni biashara.

Bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho ilianzia huku huku Marsabit mwaka 2010. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ipo. Kijana wa leo ana vitu ambavyo babake hakuwa navyo akiwa na umri wake; kitu ambacho hana ni ruhusa.

Wenye Boma Rhodes upande wa Timau na Nanyuki, nawaomba kitu: mkikata msimu huu, nitajieni bei ya robota likiwa shambani, kabla ya lori. Nina vijana wanne ambao wazee wao wamekubali, na wanataka kupiga hesabu sasa hivi.