Mama aliyechora katedrali ya Nairobi

Kila mwaka, binti akimaliza mwaka wa 8 na saa ya kuchagua opsio ikifika, wazazi wengi hutujibu namna moja: apelekwe kushona ao ualimu, maana ujenzi ni kazi ya wanaume. Basi juma hili, mama wapendwa, tuwaeleze habari za Dorothy Hughes wa Kenya.

Mama huyu alizaliwa 1910, akasomea London kazi ya arshitekti, yaani mtu anayechora jengo na kupiga hesabu zake kabla fundi hajashika mwiko. Ndiye mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo Afrika ya Mashariki. Alichora Katedrali ya Familia Takatifu pale Nairobi, iliyojengwa kati ya 1960 na 1963: jengo kubwa la betoni, lenye vioo vya rangi. Anayeingia humo kusali haulizi kama aliyelichora alivaa suruali ao kitenge. Anaona tu kwamba paa limesimama.

Alikaa pia katika baraza la kutunga sheria, na akaongoza chama cha michezo cha walemavu.

Tuseme ukweli: alikuwa Mzungu, na ulikuwa wakati wa ukoloni. Binti Mwafrika hakufunguliwa mlango ule. Hata baada ya uhuru mambo yalikwenda polepole. Chama cha maarshitekti cha Kenya kilianzishwa 1967; mwanamke wa kwanza kukiongoza, Emma Miloyo, alichaguliwa 2017. Miaka 50!

Na hapa Kamituga? Wanawake wanatwanga mawe ya dhahabu, wanabeba mchanga na matofali mpaka kwenye shantie. Uzito wa ujenzi uko tayari kichwani mwao. Kalamu na rula ndivyo havijawafikia. Tena angalieni majiko yetu: yanapangwa na mtu asiyepika, moshi unarudi chumbani kwa watoto. Binti aliyekohoa humo miaka 10 angejua dirisha liwekwe wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fishi ya binti kwa masomo ya mwezi wa 9, leteni buletini yake shuleni. Tutaangalia pamoja pointi zake za hesabu na za kuchora, na yeye mwenyewe awepo aseme anachotaka.