Usijaze Madumu ya Mafuta, Weka Alizeti

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa Buswelu, bei ya mafuta ya kula ikianza kupanda, wengi hukimbilia kujaza madumu ndani. Mimi sishauri hivyo. Aprili 2022 Indonesia ilizuia mafuta ya mawese kuuzwa nje. Mei mwaka huohuo ikaruhusu tena. Ukikopa ujaze stoo bei ikiwa juu, ikishuka hasara ni yako. Tena mafuta yakikaa kwenye joto na mwanga huchacha.

Bora ununue alizeti wakati wa mavuno, uikaushe vizuri, uiweke kwenye magunia juu ya chaga, mbali na panya. Kamua kidogo kidogo kadiri ya mahitaji. Mashudu yatalisha kuku. Ila fedha ya mbegu na mbolea usiiguse.